Barua ya Kumwondoa Bi Valvu

Barua ilisomwa bombani, mbele ya foleni ya ndoo, na aliyeisoma ni shemeji yake mwenyewe. Hebu fikiria! Mdogo wa mume wake, mtu aliyekula kwake miaka mitatu alipokuwa kapera, leo ni mwenyekiti wa kamati ya maji, kasimama na karatasi, anasafisha koo kama anayehutubia bunge. "Mwendesha pampu ameiharibu pampu kwa kuiendesha bila maji. Asiguse tena chombo chochote chenye umeme. Jumamosi asubuhi akabidhi funguo."

Bi Valvu alikuwa palepale, kitambaa cha kufutia grisi mkononi. Walimwita hivyo kwa sababu ukimuuliza habari za nyumbani, anakujibu kwanza habari za valvu. Miaka kumi na moja ameitunza pampu ile kwa jenereta ya dizeli, amevuta moshi mpaka harufu haitoki kwenye kanga zake, na hajaiendesha kavu hata siku moja. Kavu! Afadhali wangesema ameiba.

Balaa lilianza Jumatatu, jenereta ilipostaafishwa. Kampuni ilileta paneli za jua, kabati zima la betri, na inverta tatu za kugeuza umeme wa betri zikabandikwa ukutani, kila moja na fezi yake, yaani mkondo wake wa umeme, kwa sababu mota ya pampu ni ya fezi tatu na haikubali pungufu. Mhandisi wa kampuni, bwana mmoja wa viatu vyeupe, akafunga nyaya, akawasha. Mota ikaamka vizuri, taa za kijani zikawaka, watu wakapiga makofi. Maji yakafika kwenye tangi yakichuruzika. Enzi za jenereta tangi lilijaa kwa saa mbili. Siku hiyo mchana kutwa halikufika nusu.

"Pampu imekwisha kwa ndani," mhandisi akasema, wala hakuifungua. "Imeendeshwa kavu. Umeme wangu hauna kasoro, taa si mnaziona?"

"Jana tu ilijaza tangi," Bi Valvu akasema.

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Lakini mhandisi alipozima mota, yeye akainama kama kawaida yake kutazama pale mhimili wa mota unapoungana na pampu. Alizoea kuweka alama ya chaki hapo, ili mwendo ukipungua aone kama mhimili unayumba. Miaka yote alama ile ilipanda upande wa dirisha ikashuka upande wa mlango. Siku hiyo ilipanda mlangoni ikashuka dirishani. Pampu ilikuwa inazunguka kinyume! Akamshika mhandisi mkono wa shati, akamwambia. Mhandisi akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akacheka, wakaenda zao kunywa chai. Siku ya Alhamisi, barua.

Nyumbani mume wake aliacha kukanyaga cherehani. "Nyamaza tu, mama watoto. Ni mdogo wangu yule, yataisha."

"Yataishaje? Watoto wananiimbia njiani kwamba nimeua pampu! Nyamaza wewe, una cherehani ya miguu. Mimi nina fezi tatu na zote zimekasirika!"

Mume akaona isiwe tabu, akarudi kwenye pindo lake.

Jumamosi chumba cha pampu kilijaa. Mwenyekiti alikuwepo, na mhandisi alikuja na fomu za kuagizia pampu mpya, eti. Mlangoni akina mama wakachungulia na ndoo zao. Bi Valvu alikuwa amekaa kwenye kigoda, funguo mapajani.

"Shemeji, funguo," mwenyekiti akasema, akitazama ukuta.

"Utazipata. Kwanza washa, uzime, halafu utazame chaki hii. Na huo mshale wa mzunguko kwenye tumbo la pampu, nimeufuta vumbi, utazame nao."

"Hakuna haja ya kupoteza muda," mhandisi akaanza.

"Hakuna haja?" Sauti ya Bi Valvu ilisikika mpaka barabarani. "Na kunipaka matope mbele ya watu kulikuwa na haja gani? Uliifungua pampu? Uliikagua? Ulitazama taa zako za kijani ukaniona mimi ndiye mbovu!"

"Washa, mwenyekiti!" mama mmoja akapaza sauti. "Tunalala na vyombo vichafu, washa!"

Mwenyekiti akawasha, akazima. Chaki ikapunguza mwendo: ikapanda mlangoni, ikashuka dirishani. Mshale ulielekea upande mwingine kabisa. Mhandisi akachuchumaa, akatazama mshale, akatazama nyaya.

"Fezi mbili zimepishana," akasema polepole. "Wakati wa kufunga inverta. Ni jambo dogo. Unabadilishana nyaya mbili tu."

Jambo dogo! Kosa lilipokuwa la mama huyu lilistahili barua na mhuri. Lilipogeuka kuwa lake, likawa dogo.

Mwenyekiti akajichekesha. "Basi, shemeji, si wewe ndiye fundi wetu? Badilisha, tuendelee."

"Mimi? Mimi siruhusiwi kugusa chombo chenye umeme. Barua unayo mfukoni."

Mhandisi akanyoosha mkono achukue bisibisi.

"Wewe tulia. Ulishafunga mara moja, tukaona." Bi Valvu akaichukua bisibisi, akampa shemeji yake. "Zima inverta zote tatu. Kata na swichi ya betri. Subiri taa zizimike. Bado. Bado nimesema! Haya, fungua sasa."

Mwenyekiti, ambaye kwake hata balbu hubadilishiwa, alipiga magoti kwenye grisi na suruali yake ya kikao. Bisibisi ilimponyoka mara mbili, na mara zote mbili Bi Valvu alimwacha aiokote mwenyewe. Alipomaliza, wakawasha. Maji yakagonga tangi kwa kishindo, na akina mama wakapiga vigelegele.

"Shemeji," mwenyekiti akasema chinichini, akifuta magoti, "funguo baki nazo. Barua tuichane, yaishe."

"Usiichane." Bi Valvu akainuka, akamtangulia mpaka bombani. "Ulipoisoma ulisimama hapa. Simama. Leo uwaambie nani alifunga nyaya kinyume, nani nilimwambia siku ileile, na nani alicheka."

Mwenyekiti akakohoa. Aliyefunga akamtaja upesi, maana mhandisi alikuwa tayari anapakia vifaa vyake. Kwa aliyecheka alikwama, akaikunja barua, akaikunjua.

"Aliyecheka ni mimi," akasema.

"Sauti," Bi Valvu akamwambia. "Siku ile ulisikika mpaka mwisho wa foleni."

Akarudia.