Jina Lililoitwa Gatini

Uvumi ulianzia kwenye tanuri la mikate: Manousos anarudi. Yule aliyemuua mume wa Argiro kwa ugomvi wa malisho akatorokea Misri, eti sasa ni tajiri, na atapita hapahapa kijijini Elounda ndani ya ndege ya majini, ile inayotua ghubani kujaza mafuta kabla ya kwenda Athene. Argiro alijitia kuupuuza. Wapi! Ulimganda kama kupe. Akikanda unga umo, akisali umo.

Wanawake nao hawakumpa nafuu. "Shati la mumeo bado umelitundika?" mmoja alimuuliza. "Angalia, mwenzangu, nondo watalimaliza kabla mwanao hajaota ndevu."

Ndevu Sifis, mwanawe, alikuwa nazo. Alipiga makasia kwenye mashua iliyowaleta abiria gatini wanyooshe miguu ndege ikijazwa mafuta. Kijana mpole, mwenye mchumba. Baba yake alipouawa, yeye alikuwa ananyonya. Mama akamketisha chini ya shati lile lenye damu iliyokauka, lisilofuliwa hadi kisasi kilipwe, akamweleza kazi.

"Nitamjuaje, mama? Sijawahi kumwona."

"Mwite jina. Kwetu mtu hachomwi mgongoni. Huitwa, akageuka, akamwona anayemuua. Atakayegeuka ndiye."

Sifis akauliza kama haitoshi kumtemea mate. Mama akamwambia basi avue suruali ampe yeye, naye avae gauni. Kijana akachukua kisu cha baba yake, akakinoa.

Siku ilipofika, ndege ilishuka ikapasua maji, injini zikinguruma hadi mbuzi wa mlimani wakatawanyika. Argiro alijibanza nyuma ya magunia ya chumvi. Abiria wakashushwa, wakipepesuka na kuongea kwa sauti kubwa, wakachanganyika na wale waliokuwa gatini wakingoja kupanda. Sifis akaifunga mashua, akasimama nyuma yao, akaita, "Manousos!"

Mwanamume mwenye koti jipya akageuka, akitabasamu kama aliyeitwa na rafiki. Kisu kikaingia.

Argiro alishiba. Miaka yote ile ya njaa, akashiba kwa pumzi moja.

Hapo mzee mmoja, abiria, akamsogelea akichomoa pamba masikioni, zile wanazogawiwa ndani ya ndege kwa ajili ya ule mngurumo. Pamba hazisaidii sana. Mtu hushuka akiwa kiziwi, na hukaa kitambo kabla hajasikia vizuri. Akamfokea kama wafokavyo viziwi:

"Mama, kuna nini? Nani kapigwa? Sisikii kitu mimi, masikio yamekufa!"

Unyusi wake wa kushoto ulikuwa na kovu pana. Argiro alilijua. Ni mumewe aliyelitia kwa jiwe, siku ile ya malisho; naye hakukumbuka kumtajia Sifis.

Manousos mwenyewe alikuwa ameitwa, hakusikia. Wala hakumtambua mjane aliyejifunika nguo nyeusi. Argiro akafumbua mdomo, lakini angemtuma nani? Sifis alikuwa amelazwa kifudifudi, magoti ya askari mgongoni. Abiria wakaharakishwa kurudi ndegeni, na mwenye kovu akapanda nao. Ndege ikakimbia juu ya maji, ikapaa.

Aliyekufa pia aliitwa Manousos, fundi cherehani wa mji jirani wa Neapoli, aliyekuwa akingoja kupanda kwenda Athene kumwona dada yake. Mama yake alipokuja kumchukua maiti, akamvua koti, akamvua shati, na alipoletewa maji ya kulifulia akayakataa. Ana wana wengine watatu.

Sifis yuko gerezani Chania. Mchumba ameolewa.

Wenye wana, haya yaepukeni:

Usibebe habari ya tanurini kama uliyeapishwa nayo.

Usimtume mwanao kwa mtu asiyemjua sura.

Usimwite mwanamke kwa sababu hataki kuua.

Usidhani anayegeuka ndiye mwenye kosa.

Usimlilie mwanao mahakamani; ndugu wa marehemu watakujua mama yake kwa machozi yako.

Na Sifis akitoka, asipite njia ya Neapoli.