Gauni la Nyuma ya Pazia

Kwa maneno ya Kipaza, jirani aliyepakana ukuta na duka la ushonaji la Sindano na shangazi yake, Shangazi huyo alikuwa ameolewa baharini. Si uchumba, si mazungumzo. Kuolewa kabisa, na nahodha wa meli mwenyewe, mbele ya meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe na wanaume waliovaa tai za kipepeo. Kipaza aliyasema hayo hata kizingiti hajakivuka, mtandio umemtoka begani, simu ameinyanyua juu kama mtu aliyeokota pochi barabarani na sasa anamtafuta mwenyewe.

"Sindano! We Sindano! Acha hicho cherehani. Shangazi yako katutoroka!"

Sindano hakuacha mara moja. Ndivyo alivyokuwa, na ndiyo sababu Shangazi aliyemlea alimpa jina hilo: mwembamba, mkimya, hana haraka, lakini akipita mahali hakuna uzi unaomponyoka. Alimalizia pindo, akakata, ndipo akainua uso.

"Katoroka vipi, jirani, na aliaga? Si wewe uliyembebea begi mpaka kwenye teksi?"

"Aliaga kwenda kutembea! Nani kasema anakwenda kuolewa? Umri ule, mtu hata ngazi anapanda kwa kujishauri!"

"Nani aliyekwambia kaolewa?"

"Macho yangu. Mwanawe kaitundika picha mtandaoni, watu wote wanaiona. Gauni jeupe mpaka chini, lesi kifuani, mwanamume wa kofia kamshika kiuno. Sasa niambie, mwanangu, hapo anachomwa sindano ya malaria?"

Sindano akacheka. Yeye aliijua habari nzima. Mtoto wa Shangazi alikuwa mwokaji wa keki kwenye meli moja ya kifahari, na mwaka huu wenye meli walimruhusu kumleta mzazi wake asafiri kama mgeni. Kilichomnyima Shangazi usingizi hakikuwa mawimbi. Kilikuwa nguo. Mwanawe alimpigia simu akamweleza kwamba kuna jioni mbili za chakula rasmi: ya kwanza gauni refu la rangi yoyote, ya pili weupe mtupu kuanzia shingo hadi kisigino, na asiyevaa hivyo ataletewa chakula chumbani kwake kama mgonjwa. Shangazi, aliyewavika maharusi wa mtaa mzima, kabatini kwake hakuwa na kitu cheupe zaidi ya shuka. Mganga hajigangi. Wiki nzima alizunguka na futi shingoni, akilalamika, hana hata nafasi ya kujishonea. Halafu asubuhi ya safari, Sindano aliporudi kutoka kununua uzi, alimkuta ametulia, begi limefungwa, anaimba.

"Na weupe, Shangazi?"

"Nimeshapata, usijali. Wewe tunza duka."

Kumbe alikuwa amepata.

"Hebu nionyeshe hiyo harusi," Sindano akasema, akaipokea simu.

Kicheko kikamkaukia mdomoni. Nahodha hakumtazama, wala taa, wala meza. Alitazama kola iliyosimama, na vifungo vidogo vilivyoshuka mkononi, kila kimoja kimevikwa kitambaa chake. Alitazama lesi ya kifuani, aliyoitia kwa mkono pole pole mpaka ncha za vidole zikawa na sugu. 

"Mbona umeganda?" Kipaza akauliza. "Kwani yule nahodha unamjua?"

Sindano akamrudishia simu yake. Aliinuka, akaenda kwenye pazia la kahawia lililoligawa duka, akalisogeza.

Mbele ya pazia lile zilitundikwa nguo za walio hai. Nyuma yake zilikaa nguo za kuzikiwa. Shangazi hakupenda kuvuka huko; alisema hata pasi ya huko inapumua vibaya. Kazi hiyo alimwachia Sindano yote, yeye akaishika alama moja tu, ambayo kila aliyewahi kufanya kazi humo aliijua: nguo ya marehemu hushonwa mgongo wazi, na utepe wa kufungia, maana anayevikwa hawezi tena kuinua mkono. Majina hayakubandikwa, kwa kuwa wengine waliagiza wakiwa bado hai, na Shangazi alisema si vizuri kuliweka jina la mtu anayepumua kwenye chumba kile. Mgongo wazi, wa kwenda. Mgongo uliofungwa, wa kubaki. Haikuwahi kukosea.

Ila Bibi Mkunga alikuja siku moja na fimbo yake, Shangazi akiwa hayupo, akakaa kwenye kigoda na kunong'ona.

"Niwekee vifungo na bitana, mwanangu, kama mtu anayekwenda mahali. Mgongo unifunge. Sijawahi kutoka nyumbani mgongo wazi, sitaanza siku hiyo."

"Watakaokuvika watapata tabu, Bibi."

"Na wapate. Mimi nimepata tabu kuwatoa matumboni mwa mama zao, na wewe ukiwemo, ulitanguliza miguu! Na usimwambie mtu. Wanangu wakisikia wataanza kulia kabla ya zamu yao."

Sindano akaapa. Alilishona, akalitia kwenye mfuko wake, akalitundika nyuma ya pazia. Kila asubuhi akipita aliugusa ule mfuko na kuukuta umejaa. Hata leo ulikuwa umejaa.

Akauvuta zipu. Ndani kulikuwa na gauni kuukuu la zambarau la Shangazi, lile lenye mabega ya sponji. Duka lile lina mazoea yake: henga haiachwi tupu. Shangazi aliliona gauni jeupe lenye vifungo na bitana, akaona limepotea njia huku kwa wafu, akaliokoa. Na kwa kuwa ni fundi mwenye adabu, akaiziba nafasi yake.

"Mungu wangu," Sindano akasema, akakaa chini sakafuni, katikati ya vipande vya nyuzi.

"Nini? Shangazi yako kaiba?" Kipaza alikuwa amelishika pazia, lakini hakuthubutu kulivuka.

Kabla hajajibiwa, simu ya Sindano ikalia. Alikuwa binti wa Bibi Mkunga.

"Sindano, mama amezidiwa. Anasema uje, na uje na kitu chake. Kitu gani hicho? Namuuliza haniambii."

Sindano alimpigia Shangazi, akampigia na mwanawe. Mara zote aliyemjibu ni yule mwanamke wa kwenye mashine, anayesema mtu unayemtafuta hapatikani. Akamwomba Kipaza alinde duka, naye akatoka mikono mitupu.

Chumba cha Bibi Mkunga kilikuwa safi kama zamani. Mkoba wake wa kazi bado ulining'inia nyuma ya mlango, ngozi yake imepasuka kwenye mkunjo. Yeye mwenyewe alikuwa amepungua kiasi kwamba shuka lilimlalia kama limetandikwa kitanda kitupu. Macho tu ndiyo hayakuwa yamekonda.

"Umeleta?"

"Bibi, gauni lako halipo."

"Gauni gani?" binti akauliza, bakuli la uji mkononi.

"La kuzikiwa," Bibi Mkunga akasema, kama mtu anayetaja saa.

Kijiko kilianguka. Binti alimtazama mama yake, akamtazama Sindano. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Umejishonea nguo ya kuzikiwa? Mimi nakulisha uji humu ndani, wewe unajishonea nguo ya kuzikiwa? Na wewe, msichana, ukakubali!"

"Mwache. Lipo wapi, Sindano?"

Hakukuwa na njia ya kulizungusha. Sindano alitoa simu yake, ambayo Kipaza alikuwa ameshairushia ile picha, akaiweka mbele ya macho ya mgonjwa. Bibi Mkunga aliitazama sana.

"Huyu si shangazi yako? Masikini! Amekufa lini?"

"Hajafa, Bibi. Anacheza dansi."

"Anacheza!"

"Kwenye meli. Alidhani ni la mtu hai. Mgongo niliufunga."

Sindano akaishusha simu. Alingoja tusi. Alingoja laana, maana mwanamke yule alikuwa wa kwanza kumshika duniani, na kama yupo mwenye haki ya kumlaani ni yeye.

"Mkono kauinua," Bibi Mkunga akasema hatimaye. "Halikupasuka kwapani?"

"Nililiachia nafasi."

"Gauni langu limenitangulia." Alivuta pumzi, ikakwama, ikaja. "Mimi hata mtumbwi sijapanda. Kucha kutwa kwenye vyumba vya watu, maji ya moto, mayowe. Mwambie asilifue."

"Mama!" binti akalia.

"Asilifue, nimesema. Nalitaka lilivyo, na marashi yake, na jasho lake, na huo mchuzi nauona hapo kwenye mkono. Nataka liingie nami likiwa limetoka mahali." Akafumba macho. "Meli inarudi lini?"

"Jumapili, Bibi."

Binti aligeuka ukutani, bakuli bado mkononi, mabega yakaanza kumtikisika.

"Basi mwambie awahi," Bibi Mkunga akasema. "Mwambie namwomba. Mimi siombi watu."

Sindano akaandika, kidole kikiteleza kwa jasho: Shangazi, gauni ni la Bibi Mkunga. Usilifue. Anakuomba uwahi. Akatuma. Ikatokea alama moja ndogo ya kijivu, ya ujumbe ambao haujafika, ikabaki pale.

"Kajibu?"

"Bado, Bibi."

Binti akaokota kijiko, akakifuta kwa upindo wa nguo yake, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mkono wa Bibi Mkunga, ule uliopokea watoto wa mtaa mzima, ulitafuta juu ya shuka mpaka ukakipata kiganja cha Sindano. Ulikuwa baridi.

"Kajibu?"

Sindano akaitazama simu.