Mrututu wa Verlyn

Miaka yote ya ndoa, Ardith aligombana na mumewe juu ya karatasi za kuchujia kahawa. Verlyn alizikwapua jikoni akazipeleka gereji, kwenye mitungi yake ya mrututu, na asubuhi mama wa watu anaamka hana cha kuchujia. Hata Ardith akawa anazificha kwenye droo ya soksi. Mzee mzima, eti anakuza mawe ya buluu!

Sasa Verlyn amekufa, theluji imeshayeyuka juu ya kaburi lake, na Ardith anayatamani magomvi yale yale mpaka machozi yanamtoka. Kilichobaki ni fuwele moja aliyoianza marehemu, kubwa kama zabibu, inaning'inia kwa uzi mtungini, angavu ajabu. Ardith aliapa itaendelea kukua. Akanunua kopo la dawa ya kuua mizizi kwenye mabomba ya choo, maana mrututu wenyewe Verlyn aliutoa humo, akaukoroga kwa maji ya moto, ulipopoa akaumimina mtungini.

Baada ya wiki fuwele ilikuwa imenenepa, lakini kwa nje ilikuwa na ukungu, chafu, haitazamiki. Akamwita Orrin, mdogo wake Verlyn.

"Shemeji, hukuchuja?" Orrin aliuliza, akiuinua uzi.

"Nichuje nini? Si kopo jipya?"

"Jipya ndiyo, lakini hii ni dawa ya choo, si ya maabara! Imejaa takataka. Kaka alikuwa anachuja na kurudia. Ulidhani zile karatasi zako anapengea kamasi?"

Ardith akacheka. Masikini Verlyn, hakuwahi hata kujitetea.

"Basi tuiyeyushe," alisema. "Tuanze upya, iwe safi."

"Tukiiyeyusha, na ile ya kaka inakwenda humo humo."

Ardith akaipeleka fuwele dirishani. Katikati palikuwa pasafi, buluu tupu, kazi ya Verlyn. Ukungu wa juu ulikuwa wake yeye.

"Iache hivyo hivyo," alisema. "Nisubiri hapo."

Kwenye droo ya soksi ilikuwa imebaki karatasi moja. Akarudi nayo gereji, akayachuja yale maji polepole, tone kwa tone, kisha akaitumbukiza fuwele tena.

Asubuhi alikunywa kahawa isiyochujwa, machicha yakimnasa menoni.

"Haya, Verlyn," alisema, ameugeukia mlango wa gereji. "Umezimaliza tena."