Wa Ziada Kwenye Mlango wa Manda

"Enyi wasafiri watukufu wa anga!" Jeilani alitangaza, amesimama kwenye ngazi ya mwisho ya gati, mkono kifuani kama mheshimiwa anayefungua choo cha soko. "Kwa mamlaka niliyopewa na elimu ya shule ya bweni, najitwika jukumu zito la kuuvusha ukoo huu salama kutoka ngazi hii hadi mawinguni. Hakuna atakayepotea. Hakuna atakayelia. Na yeyote atakayethubutu..."

"Jeilani," mama yake alisema, "funga zipu."

Wachukuzi walicheka. Jeilani akafunga zipu kwa taadhima, kana kwamba hiyo nayo ilikuwa sehemu ya hotuba, akaingia mashuani.

Walikuwa watano. Bi Fahima, mama yao, alimpakata Ammar, kitinda mimba wa miezi minne. Musab wa miaka minane alikaa ukingoni akichezea maji, na Rawiya wa miaka sita alikaa katikati, amenyamaza, katika gauni lake la Idi. Jeilani, aliyekuwa amefunga shule, alichukuliwa kwa kuwa ana mikono miwili na hana kazi. Safari ilikuwa ya Ammar. Moyo wake ulikuwa na tundu. Kila akinyonya, midomo ilibadilika rangi ikawa kama zambarau. Daktari wa kuliziba alikuwa amekuja Nairobi kwa wiki hiyo tu, na Ammar alikuwa apasuliwe kesho. Daktari akiondoka, hakuna aliyejua angerudi lini.

Hata hivyo, asubuhi hiyo nusura Bi Fahima asitoke nyumbani. Chini ya mto wa Ammar hukaa msumari wa jahazi, mrefu kama kidole, uliofuliwa na babu yao kijijini Matondoni. Kila mtoto wa nyumba ile hulala nao mpaka aanze kutembea, maana majini na chuma hawapatani. Jeilani mwenyewe alilala nao. Leo haukuwepo. Godoro liligeuzwa, mikeka ikakung'utwa, mpaka baba yao akasema mashua inangoja, msomeeni mwana Ayatul Kursiyyu mwende.

"Na alfajiri," Bi Fahima alisema, mashua ilipoanza kukata maji kuelekea Manda, kwenye uwanja wa ndege, "nilisikia mtu akimwimbia. Polepole, pale kitandani pake. Nikadhani ni mamangu, nikalala tena."

"Bibi yuko Ndau," Musab alisema.

"Najua aliko mamangu."

Jeilani aliangalia maji. Habari za msumari alizijua sana: ulikuwa ndani ya pindo la gauni la Rawiya, umeshonwa na yeye mwenyewe jana magharibi, watu walipokuwa kwenye sala. Habari za wimbo hakuzijua. Alfajiri alikuwa darini, amelala fofofo, hadi Musab alipommwagia maji. Akajiambia mama amechoka, na mtu aliyechoka husikia mengi.

Mama alipoinamia mkoba, Jeilani aliwavuta wadogo zake karibu, akashusha sauti.

"Mnaujua mlango wa uwanja wa ndege? Ule usio na ukuta, umesimama peke yake? Watu hudhani unatafuta chuma. Chuma ni kisingizio. Mlango ule unahesabu."

"Unahesabu nini?" Musab aliuliza.

"Waliotoka nyumbani watano wakafika sita, mlango unamlilia yule wa ziada."

"Mwongo wewe."

"Haya. Tutaona utamlilia nani."

Rawiya hakumwita mwongo. Alifikiri kidogo, kisha akauliza, "Huyo wa ziada hana kwao?"

"Angekuwa na kwao, angemfuata mtu?"

Mpango ulikuwa mzuri. Rawiya angepita, mlango ungepiga kelele, Jeilani angeanguka chali kama aliyepigwa na upepo mbaya, na Musab angekimbia hadi mikokoni. Kisha pindo lingefumuliwa, wacheke wote. Bwenini angesimulia muhula mzima.

Ukaguzi ulikuwa kwenye chumba kifupi chenye feni iliyozunguka bila kuleta upepo. Askari alikuwa mwanamke mrefu, jina lake Nkatha limeandikwa kifuani. Mikoba ilipita kwenye mashine. Musab alipita mlangoni amefumba macho. Kimya.

"Wewe, mrembo," Nkatha alimwita Rawiya. "Njoo, usiogope."

Rawiya alipita.

Kimya.

Jeilani alikuwa ameshaanza kukunja magoti tayari kuanguka. Akayanyoosha. Aliliangalia pindo la gauni: lilining'inia, jepesi.

Kisha Bi Fahima akapita na Ammar mikononi, na mlango ukalia.

"Rudi, mama. Vua bangili."

Alivua bangili, pete, na pini za mtandio. Akapita tena. Mlango ukalia, safari hii mlio mrefu zaidi, au hivyo ndivyo Jeilani alivyousikia.

"Mpe kijana mtoto. Upite peke yako."

Bi Fahima alipita peke yake. Kimya. Nkatha akamwashiria Jeilani, aliyekwisha kutoa hata peremende mifukoni. Alimkumbatia mdogo wake, akavuka. Mlango ulilia juu ya vichwa vyao, na Ammar hakushtuka. Alikuwa akitazama juu ya bega la Jeilani, mahali pasipo na mtu, akitabasamu kama anayechezeshwa.

"Unamlilia Ammar," Musab alinong'ona. Hakuwa akitania.

"Huyu mtoto amebeba nini jamani?" Nkatha alisema. Alichukua fimbo nyeusi ya kupekulia, akaipitisha miguuni pa mtoto. Kimya. Tumboni. Kimya. Ilipofika kifuani, palepale penye tundu, fimbo ililia. Nkatha aliirudisha nyuma, kisha akaikunjua kanga ya mtoto taratibu, kama mtu anayefungua mlango wa chumba asichokijua.

Msumari ulianguka mezani.

Bi Fahima aliutazama asiuguse. "Ni nani aliyeutia hapa?"

"Mimi," Rawiya alisema. "Nilipompakata hapo nje. Ulinichoma mguu mashuani, ukiwa kwenye pindo langu. Nikamrudishia mwenyewe, wa ziada asimchukue."

"Na kwenye pindo lako uliingiaje?"

"Sijui, Mama. Jana haukuwemo."

Nje, rubani alikuwa ameshapanda. Bi Fahima alianza kuvaa bangili zake, moja moja, bila haraka.

"Tunarudi nyumbani," alisema.

"Mama, ndege itawaacha!" Nkatha alisema. "Huo msumari ni kitu kidogo, nitautia kwenye mzigo wa tumboni mwa ndege."

"Bi, wewe hujui. Chuma hiki kimeondoka chenyewe kitandani mwa mwanangu, na usiku uo huo mtu akamwimbia. Ndia imefungwa, hakupitiki. Hatupandi."

Hapo ndipo Jeilani alipotambua kwamba hotuba zote alizowahi kutoa hazikuwa na neno moja la kufaa. Akinyamaza, mzaha wake utakuwa siri milele, na daktari ataondoka. Bi Fahima aliinama kulinyoosha gauni la Rawiya, na vidole vyake vikasimama kwenye pindo. Uzi wa damu ya mzee. Mishono mirefu, iliyopinda, kama ile ya nambari za bweni kwenye mashati ya mtu fulani.

"Jeilani."

"Ni mimi, Mama. Niliutoa jana magharibi. Nilitaka mlango umlilie Rawiya, Musab aogope. Wallahi ni mimi tu, hakuna mwingine."

Hakumpiga. Ingekuwa afadhali ampige.

"Na alfajiri?" aliuliza polepole. "Aliyemwimbia mwana?"

Musab alifungua mdomo. Jeilani akamkanyaga mguu.

"Hilo nalo ni mimi."

"Ulimwimbia nini?"

Hakuna wimbo aliokuwa nao. Aliachia sauti ya kwanza iliyokuja, akitarajia kuumbuka, na sauti ikatoka chini, ya pole, ikipanda mara moja na kushuka mara mbili, kama ngazi ya nyumba asiyowahi kuingia. Ammar akageuka kumsikiliza.

Uso wa Bi Fahima ukalegea. "Ndio huo," alisema. "Ndio huo huo. Mwana mpumbavu wewe, utanitia kaburini." Akamchukua Ammar, akatoka kuelekea ndege karibu mbio, Musab nyuma yake akichechemea.

Jeilani alimshika Rawiya mkono. Jua la uwanjani lilikuwa kali. Wimbo ule alikuwa ameshausahau, wote, kama ndoto.

"Kaka," Rawiya alisema, "wewe ulikuwa darini. Nilikuja kuchukua shuka langu wakati wa adhana. Ulikuwa unakoroma."

Nyuma yao, kwenye chumba ambamo abiria wote walikwisha kupita, mlango ulilia mara moja.

Hakugeuka.

"Ni kweli," Jeilani alisema. "Nilikuwa nimelala."