Taa ya Oili na Mchumba wa Houaria

Sitaficha: Nadir nilimchukia tangu siku alipokuja na mamaye kumposa binti yangu Houaria. Makanika, kucha nyeusi, na kiburi juu. Fatiha ya uchumba ikasomwa, nikameza hasira. Kisha akaifanyia sevisi teksi yangu, na siku ya nne taa nyekundu ya oili ikawaka kwenye dashibodi. Aa, hapo nilimpata!

Nikamfuata gereji, mbele ya wateja wake. "Umeniulia injini, mshenzi wewe!"

"Ami Laredj, oili ipo. Presha nimeipima sasa hivi, iko sawa. Huo ni waya tu, nenda kwa fundi umeme."

"Waya ndiyo akili yako! Mama aliyekuzaa hakukufunza kazi wala adabu."

Uso ulimbadilika. Jioni ileile nikarudisha pete kwao. Houaria alilia mpaka sauti ikamkauka, nami nikamwambia mume atapata, injini sipati.

Siku tatu sikuendesha. Ya nne nikaenda kwa Benaouda, fundi umeme wa magari, ili anipe ushahidi wa kumwaibisha yule kijana.

"Usizime injini," Benaouda akasema. Akachomoa waya kwenye sensa ya oili. "Tazama dashibodi. Taa imezimika?"

"Inawaka."

"Basi injini haina neno. Nimeuchomoa waya na taa bado inawaka, maana yake umechubuka mahali, unagusa bodi. Makanika wako alisemaje?"

"Hayakuhusu."

"Lo! Kumbe alisema kweli."

Nilitamani kumzaba kofi. Akaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya taa ya mbele, penye zile honi tatu kubwa za msafara wa harusi. Mpwa wangu alikuwa ameoa wiki iliyotangulia, na hapa mjini Oran msafara wa bibi harusi usiopiga kelele ni mazishi. Skrubu ya honi ilikuwa imepenya katikati ya nyaya.

"Punda gani kazifunga hizi?"

Nikajifanya sikusikia.

"Mzee, nauliza, punda gani?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akakalia tairi. Kisha akaing'oa skrubu, akafunga waya vizuri, na taa ikazimika palepale.

Nikaenda moja kwa moja kwa Nadir. Nilikuwa na hasira na nafsi yangu, na nyingine bado nilikuwa nazo juu yake. "Ulisema kweli," nikamwambia. "Kosa ni langu. Nisamehe, na mamako anisamehe."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu. "Mimi nimekusamehe, Ami. Ila mama tusi lako lilimkaa kooni. Jana kanisomea Fatiha na binti wa dada yake."

"Na wewe ukakubali? Mwanamume mzima!"

"Umemtukana mbele ya mtaa mzima. Ulitaka na mimi nimvunjie heshima?"

Nikarudi kwenye teksi, nikaondoka.

Nyumbani, Houaria alikuwa mlangoni. Kabla sijashuka, akachungulia dashibodi kupitia dirishani.

"Taa imezimika! Ilikuwa nini?"

"Waya."

Akacheka. Tangu nirudishe pete sikuwa nimemsikia akicheka. Akaingia ndani mbio, sauti yake ikanifikia kutoka chumbani: "Usizime gari, baba! Navaa mtandio, twende wote kwa Nadir ukamwombe radhi."