Mfu Aliyelipa Kodi

Muuguzi mmoja, ambaye wagonjwa walimbandika jina la Sindano na likamganda, alistaafu akarudi nyumbani kumtunza baba yake. Mzee huyo alikuwa seremala. Miguu ilishamkatalia, na kila alipozidiwa alirudia ombi lile lile: akifa, azikwe kwenye makaburi ya ukoo, kando ya babu yake.

Tatizo ni kwamba ukoo haukumtambua. Baba yake Seremala alikuwa kitinda mimba kwao. Enzi za mkoloni aliondoka kijana hana hata ndevu, akaenda mbali kupasua mawe ya barabara, na kwa miaka mingi hakusikika. Nyumbani ikasemwa amekufa. Aliporudi, baruti ilikuwa imemharibu uso, ana mke na mtoto mgongoni, ambaye ndiye Seremala. Wazazi walishatangulia mbele ya haki. Kaka yake alimsimamisha mlangoni, mbele ya majirani.

"Mdogo wangu alishakufa," alimwambia. "Wewe sijui umetoka wapi na jina lake."

Waliomtambua walinyamaza, maana kaka huyo ndiye aliyewakodisha mashamba. Aliyerudi akapanga chumba nyuma ya soko, na mpaka anaingia kaburini watu walimwita Mzuka. Seremala akakua akiitwa mtoto wa Mzuka. Ngumi zote alizopigana utotoni zilitokana na neno hilo.

Sindano alikwenda kwa mkubwa wa ukoo, mtoto wa yule kaka, mwalimu mkuu mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa na kikohozi cha heshima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti. Mzee anaendeleaje?"

"Hali si nzuri. Anaomba alale na babu yake."

Mwalimu Mkuu alikohoa. "Mimi sina ugomvi na mzee wako. Lakini yale ni makaburi ya ukoo. Niletee ushahidi, hata wa karatasi moja, nitashika jembe mwenyewe."

Alisema hivyo kwa upole wa mtu anayejua kwamba karatasi hiyo haipo.

Ofisi ya vizazi na vifo walimwambia Sindano kwamba watu wa enzi hizo hawakuandikwa. Akaenda jengo la nyaraka za serikali. Mtunza nyaraka, mama mnene aliyejifunga kanga juu ya gauni kuzuia vumbi, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Cheti hupati, dada yangu," alisema. "Mkoloni hakujali nani kazaliwa. Alijali nani hajalipa. Tukamtafute babu yako kwenye kodi ya kichwa."

Alimletea maboksi. Kila nyumba iliandikwa kwa jina la mkuu wake, chini yake wanaume wote waliofikia umri wa kulipa, na pembeni maelezo ya karani. Kurasa nyingine mchwa walishazipitia. Majina yaliandikwa jinsi sikio la karani lilivyopenda. Lakini Sindano alikuwa amesoma mwandiko wa madaktari maisha yake yote, wa makarani haukumtisha. Alisoma siku baada ya siku, kalamu ya risasi mkononi, mgongo unamuuma.

Akaipata nyumba yao. Kaka alikuwa ameandikwa mkuu wa nyumba, mdogo wake chini yake: "Yuko safarini, kaka anamlipia." Mwaka uliofuata, vivyo hivyo. Kisha jina la mdogo likakatwa mstari, pembeni karani ameandika: "Amefariki, kwa maelezo ya kaka yake."

"Kumbe alimuua ili asimlipie kodi!" Sindano alisema kwa sauti, na msomaji wa meza ya pili akainua kichwa.

Mtunza nyaraka hakushangaa. "Walifanya wengi. Usiishie hapo, tuangalie daftari la malimbikizo. Huko wafu huwa wanafufuka."

Na kweli alifufuka. Chini ya jina la babu yake, Sindano alisoma: "Amerejea. Kaka yake ameitwa ofisini. Amekiri kwamba huyu ndiye mdogo wake, baba mmoja mama mmoja, na kwamba habari ya kifo aliisikia tu njiani. Kodi yote ya nyuma atalipa huyu aliyerejea." Hapo chini palikuwa na alama ya dole gumba la kaka na, kwa wino mwingine, tarehe ya miaka kadhaa baadaye: "Deni limelipwa lote."

"Alikiri kwa nini, na nyumbani alishamkana?" Sindano aliuliza.

"Aliyedanganya kuhusu kifo alikuwa anafungwa. Akisema 'ndiye, nilikosea tu,' deni linamwangukia mwenzake na yeye anakwenda zake."

Sindano aliitazama alama ile ya wino mpaka machozi yakamtoka. Ofisini alimkubali ndugu yake ili asifungwe, na nyumbani akaendelea kumkana ili asigawane naye urithi. Na yule mwingine, hajui kusoma, alilipia hata miaka aliyokuwa maiti, asijue kwamba uthibitisho wake umelala pale.

Akaomba nakala yenye mhuri, akaenda nayo moja kwa moja kwa Mwalimu Mkuu.

Mzee aliisoma, akavua miwani. Safari hii hakukohoa.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu baba anakata roho. Aliniambia nimwite baba yako, tuyamalize."

"Hukumwita."

"Ningeanzia wapi? Nilishajenga. Watoto nilishawagawia mashamba." Akamshika mkono. "Mlete mzee, mwanangu. Nafasi ipo."

Sindano akauchomoa mkono wake. "Leo ndiyo nimekuwa mwanao?"

Jioni alimsomea baba yake karatasi yote. Alitegemea atalia, au atamlaani aliyeweka dole gumba. Seremala aliuliza kitu kingine kabisa.

"Hayo malimbikizo alilipa mwaka gani?"

Sindano akamtajia. Mzee akaigeuza geuza ile mikono yake mikubwa.

"Ndio mwaka alionitoa shule. Aliniambia kichwa changu kizito, bora nishike randa. Na mimi nikaamini. Maisha yangu yote nimejijua mjinga."

"Baba, hukuwa mjinga. Hela ndiyo haikuwepo."

"Sasa unaniambia."

Baadaye alimwita tena. "Mwambie Mwalimu abaki na nafasi yake."

"Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetaka."

"Nilitaka kulala na watu wangu. Sasa nimewajua."

Sindano alimbembeleza kwa wiki nzima, kwa maneno mazuri na kwa ukali wa wodini. Hakubadilika. Hakukaa sana, akafa asubuhi moja wakati uji unapoa, wakamzika makaburi ya manispaa, alikolala Mzuka.

Mwalimu Mkuu alikuja na magari mawili ya ndugu. Alilia mpaka akashikiliwa, na watu ambao hawakujua lolote wakamweka kiti cha mbele, wakapita mmoja mmoja wakimpa mkono, "Pole, mzee, kwa kuondokewa na ndugu." Alizipokea pole zote. Sindano alikuwa nyuma, anabishana na mwenye maturubai kuhusu muda wa kuyakusanya, na hakuna aliyemkumbuka mpaka viti vilipoanza kupakiwa.