Mlima wa Kabla ya Kichiwa

Yusto alinirudishia fomu bila kuifungua. Alikuwa amechuchumaa mbele ya gurudumu akinyoosha spoku, na fomu aliishika kwa vidole viwili ili isipate grisi.

"Matilda haendi," alisema. "Kaka Anania, tusichoshane."

Matilda ni binti yake, ana miaka kumi na saba. Nilikuwa nimemfundisha mbio za baiskeli kwa miezi minane, na kati ya wote ninaowafundisha hakuna anayepanda mlima kama yeye. Mashindano yalikuwa Jumamosi, Njombe mpaka Makambako, na hapo ndipo wangechaguliwa vijana wa timu ya taifa. Fomu ilitakiwa irudi siku ile ile niliyompelekea, ikiwa na sahihi ya mzazi.

Nilimuuliza sababu.

"Sababu unaijua kuliko mtu yeyote. Ukoo wetu hauna pumzi ya mlima. Mimi nilijipima kwako. Mtoto namwonea huruma."

Karakana yake iko Kitandililo, kando ya barabara. Kwenye benchi alikaa Hilario, muuza mkaa, akisubiri baiskeli yake. Akacheka. "Fundi, hiyo hadithi tumeisikia mpaka tunaiota."

"Mwenyewe si huyu hapa, muulize. Mwaka ule nimetoka kwetu Ludewa kuja kushindana mbio hizi hizi, nauona mgongo wake mbele. Ukungu ukaingia. Ulipotoka, mtu hayupo. Makambako kanisubiri dakika nne nzima. Nikajiambia, Yusto, huyu si wa kushindana naye, tafuta kazi. Wiki ile ile nikauza baiskeli."

"Lakini umeshindwa na mtu wa maana," Hilario alisema. "Mimi kila siku nashindwa na mke wangu, na hakuna anayenipa pole."

Walicheka wote wawili. Mimi niliangalia fomu.

Kabla ya mashindano yale nilikuwa mbeba viazi. Nilibeba magunia mawili kwa baiskeli kila safari, kutoka Kichiwa kwenda sokoni Makambako. Wabeba viazi tulikuwa na namna yetu ya kupanda milima. Unasikiliza lori likibadili gia. Likianza kujivuta unasogea ubavuni, unashika kamba iliyofungia mzigo, linakupeleka mpaka juu. Hatukuona kwamba ni kosa. Madereva walijua, na wengine walituachia kipande cha kamba kikining'inia makusudi. Mkono wangu wa kulia uliijua kazi hiyo kabla sijajua kusoma saa.

Siku ya mbio barabara haikufungwa. Kwenye mlima wa kabla ya njia panda ya Kichiwa ukungu ulikuwa mzito, na lori la nguzo za umeme likanipita polepole. Mkono ukaenda wenyewe. Naweza kuapa kwamba mwanzoni sikufikiri. Lakini mlima ule ni mrefu. Nilipata muda wa kutosha wa kufikiri, nikafikiri, na kamba sikuiachia.

Nilichaguliwa kwa ushindi ule. Nikaenda kambini Dar es Salaam, kisha Afrika Kusini, kisha miaka sita Ulaya. Huko nilipata medali mbili kwenye uwanja wa ndani, ule wa mbao uliopinda kama bakuli, ambako hakuna lori wala ukungu. Hizo nilizipata kwa miguu yangu. Lakini watu wa redio waliuliza kila mara juu ya mbio zile za kwanza, nami nikajibu kwamba Mungu alinisaidia. Hata kanisani Njombe, nilipopeleka sadaka ya shukrani, mchungaji aliniomba niwasimulie washarika siku ile ilivyokuwa. Nikasimulia. Nikauruka mlima.

Nilimwomba Yusto tusogee pembeni.

"Sema hapa hapa. Hilario si mgeni."

"Sikukuacha kwa miguu," nilisema. "Nilidandia lori."

Aliendelea kuzungusha gurudumu. "Lori gani?"

"La nguzo. Nilishika kamba."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka juu. Kama kilometa mbili na nusu."

"Mbili na nusu." Alilisimamisha gurudumu kwa kiganja. Hilario aliinama, akawa anaangalia malapa yake.

"Lakini mbio nyingine zote nilizoshinda..."

"Hizo sijakuuliza."

Sentensi ile ya mwisho nilikuwa nimeitengeneza kwa miaka mingi, na nilipoisikia ikitoka mdomoni nilitamani kuirudisha.

Matilda akatoka ndani na beseni la maji la kupimia tyubu. "Shikamoo, mwalimu."

Nilisema marahaba, na hata neno hilo lilikuwa zito.

"Mwambie na yeye," Yusto alisema. "Kama ulivyoniambia mimi. Usiongeze."

Nilikuwa nimejiandaa kumwambia baba. Sikuwa nimejiandaa kumwambia mtoto ambaye kila asubuhi kwa miezi minane nilimkataza kujikinga upepo hata nyuma ya gari. Nilisema kwa sauti ya chini. Lori la trela likapita barabarani, hakunisikia, ikabidi nirudie yote tangu mwanzo.

Hakunitazama. Alimgeukia baba yake. "Kwa hiyo wewe ndiye ulikuwa wa kwanza?"

"Sijui kwa haki nilikuwa wa ngapi. Ukungu ulikuwa mwingi, huenda na wengine walishika." Akafikiri kidogo. "Mimi sikushika."

Alijifuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kidole kwa kidole. Akaazima kalamu ya Hilario, akaiweka fomu juu ya benchi na kutia sahihi. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina la mwalimu, nami nilikuwa nimeshajaza langu. Alilikata kwa mstari mmoja.

"Jumamosi ataenda," alisema. "Ila hafundishwi na wewe. Nani mwingine anafundisha?"

"Asteria, yuko Njombe mjini. Kwa milima ananizidi."

"Mwandike."

Akanipa kalamu. Niliandika jina la Asteria juu ya langu lililokatwa, kisha nikatoa simu na kuisoma namba yake, tarakimu moja moja, na Matilda akawa anairudia nyuma yangu ili tusikosee.